Huyo ndege uliyemwona Voi si mkesha wa Taita, wa mlimani ni huyu

Mkuu umeuliza kama yule ndege uliyemwona vichakani karibu na Voi, mdomo wa chungwa na ngozi ya njano kuzunguka jicho, ndiye mkesha wa Taita. Siye, huyo ni ndugu yake wa nyika na utamkuta hata pwani. Wote wawili wana mdomo na jicho hilo ndo maana watu wanawachanganya, ila wa nyika ni kijivu juu na koo lake lina michirizi, wa mlimani kichwa na kifua ni cheusi, ubavuni rangi ya kutu imekolea, katikati ya tumbo jeupe. Dume na jike wanafanana.

Lakini kabla hata ya rangi, angalia umesimama wapi. Mkesha wa Taita, Turdus helleri, hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye vipande vya msitu wa asili vilivyobaki juu ya Milima ya Taita, Kenya. Wengi wako Mbololo, halafu Ngangao na Chawia, na kwenye kipande kiitwacho Yale wachache sana. Ni msitu wa ukungu, unyevu wake unatoka Bahari ya Hindi, chini kuna giza na majani yaliyooza mazito, na hapo ndo maisha yake yalipo.

Mimi huwa namtafuta Ngangao asubuhi mapema na kwanza namsikia, yaani majani yanachakura kidogo kisha kimya. Anaruka hatua mbili tatu, anasimama wima kabisa, anatupa jani pembeni kwa mdomo, anadona mdudu, anasimama tena. Matunda ya porini pia anakula. Ukisogea tu anapotelea kwenye vichaka vya chini wala hapigi kelele, kwa hiyo kaa kitako mahali pamoja umngoje, kumfuata ni kujichosha.

Kinachoniuma ni kwamba huyu ndege hapendi kabisa kutoka kwenye kivuli. Kati ya Ngangao na Chawia kuna mashamba, nyumba, barabara na mikaratusi, mtu anatembea huko bila shida ila kwake ni kama ukuta, ni mara chache sana kuvuka. Watafiti waliowavisha pete na kuwapima walikuta wa Chawia, ambako msitu umeharibiwa zaidi, mguu wa kushoto na wa kulia vinapishana urefu kuliko wa Mbololo, dalili kwamba wanakua kwa shida. So kupanda miti mingi tu haitoshi, iwe ya asili na iunganishe hivyo vipande, mikaratusi na misonobari haimpi ile sakafu ya majani anayoitaka.

Ukienda pitia mji wa Wundanyi, chukua mwongoza wageni wa pale pale maana wanajua kona zake, na tafadhali usimpigie sauti yake kwenye simu ili atoke, hasa msimu wa kutaga, anaacha kiota kuja kumtafuta mpinzani ambaye hayupo.