Ondoeni ile tiki: maneno kwa walimu wapya wa simuleta

Jumamosi nilikaa nyuma ya chumba chetu cha simuleta, zile kompyuta za kujifunzia kurusha ndege, nikijifanya natengeneza kebo. Kebo haikuwa na tatizo lolote. Nilikuwa nawatazama nyie. Mmoja alimkabidhi mtoto wa miaka tisa Boeing 747 ikiwa fainali, yaani imeshaielekea njia ili itue, eti mtoto mwenyewe ameiomba. Mwingine alimpokonya mwanafunzi jositiki mara sita ndani ya saketi moja, yaani mzunguko mmoja wa kuruka, kuzunguka uwanja na kutua. Nilihesabu. Wa tatu alikuwa anapiga kelele "Altimita! Spidi! Altimita!" mpaka mtoto akaiacha ndege akawa anamtazama yeye. Nilitaka kukasirika, ila makosa hayo matatu niliyafanya mimi kabla yenu, na la nne, lililo baya kuliko yote, mnalifanya nyote bila kujua. Someni hii kabla hatujakutana tena.

1. Anzeni na Cessna 172. Najua mtoto anataka jeti. Lakini 172 inanyanyua pua kwenye noti 55 (kama kilomita 100 kwa saa), inapaa kwa noti 70 na kitu, na injini ikizima inateleza kwa noti 65 hivi. Kwa mwendo huo mtoto anapata nafasi ya kukosea, kushangaa na kurekebisha. Jeti kubwa inakuja fainali na noti zaidi ya 130. Akimaliza kushangaa, njia ya kurukia imeshabaki nyuma. Akikwambia 172 ni ndege ya kitoto, mjulishe kwamba zimetengenezwa zaidi ya 44,000 na hakuna ndege nyingine iliyofika idadi hiyo. Dakika tano za mwisho mpeni hiyo 747 yake, aiangushe kwa raha zake.

2. Funikeni mita, zile saa za ndani ya ndege zinazoonyesha mwendo na urefu. Karatasi na selotepu vinatosha. Walimu wa ndege halisi wana lalamiko moja kuhusu watoto wetu: wanatazama ndani. Wala si ajabu, maana simuleta tangu kuzaliwa kwake ni mashine ya kutazama ndani. Mmarekani Edwin Link aliunda yake mwaka 1929 kwa kutumia mivukuto, kwa kuwa familia yao ilikuwa ya watengeneza vinanda. Jeshi la Marekani lilianza kuithamini mwaka 1934, lilipopewa kazi ya kubeba barua kwa ndege na marubani wake kadhaa wakafa kwenye hali mbaya ya hewa kwa kutozoea kuruka kwa kutegemea mita peke yake. Mwanafunzi alifungiwa ndani ya kiboksi kile asione nje kabisa. Sisi tumekirithi kiboksi, tukakipamba kwa milima na mawingu ya kuvutia, na mtoto bado macho yake yako kwenye mishale. Kwa hiyo swali lenu liwe moja tu: pua iko wapi ukilinganisha na upeo wa macho? Akiweza kujibu hilo na kusikiliza injini, ondoeni karatasi athibitishe. Watachungulia chini ya karatasi. Ongezeni selotepu.

3. Mikono mgongoni. Mwalimu wa ndege halisi ana yoki (kishikio cha kuongozea ndege) ya pili mbele yake na sababu nzuri ya kuishika: hataki kufa. Wewe hufi. Mwache mtoto atue majanini, agonge mti, aanze upya. Mimi nilikuwa naikalia mikono yangu mpaka inakufa ganzi. Kitufe cha pozi nacho ni cha kuelezea, si cha kuokolea. Niliwahi kuwa na binti aliyezoea kuokolewa na pozi. Ndege ikianza stoli, yaani mabawa yakishindwa kuibeba, alikuwa anaachia kila kitu na kusubiri dunia isimame.

4. Sasa ile tiki. Karibu kila programu ina mpangilio wa kufanya usukani wa mkia ujiendeshe wenyewe. Ukiweka tiki hapo, mtoto akikata yoki kushoto mkia unafuata wenyewe, na ndege ikiwa chini hata gurudumu la mbele linageuka. Inakuwa kama gari. Pedali za miguuni, ambazo ndizo huongoza mkia na gurudumu hilo, hazina kazi tena, na kila mtu anafurahi.

Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na mbili, mfupi, mwenye mikono myepesi ambayo sijaiona tena kwa mtoto mwingine. Pedali tulikuwa nazo. Miguu yake haikuzifikia. Kilichohitajika ni kipande cha mbao chini ya pedali na mto nyuma ya mgongo, kazi ya nusu saa. Niliahirisha. Niliweka tiki "kwa leo tu", na leo hiyo ikadumu miezi saba. Alikuwa anatua vizuri hivi kwamba nilianza kuwaita wazazi wa watoto wengine waje kutazama. Nilimwekea upepo wa ubavuni wa noti 15 na akatua, watu wakapiga makofi, na mimi nikiwa nimesimama pale najua fika kwamba nusu ya kazi imefanywa na kompyuta. Nilipokea makofi.

Wazazi wake wakamlipia safari ya kwanza ya mafunzo kwenye 172 ya kweli, na wakaniomba nikae kiti cha nyuma. Kabla ya kuwasha injini nilimwambia yule mwalimu, kwa sauti ya mtu anayejua, "Huyu mwachie tu." Sentensi hiyo bado inaniamsha usiku.

Mwalimu akamwachia. Tukaanza kutembea kwenye njia ya pembeni, na mbele kulikuwa na kona ya kushoto. Mtoto akakata yoki kushoto. Ndege ikaenda moja kwa moja. Akaikata mpaka mwisho, kiwiko kikamgusa mbavu, na ndege ikaendelea kuyafuata majani kwa utulivu kabisa, kama ng'ombe aliyeona malisho. Mwalimu akakanyaga pedali, tukarudi katikati. Akasema kwa upole, "Miguu." Mtoto akainama akaitazama miguu yake kana kwamba ameipata asubuhi ile.

Kona ya pili, yoki tena. Ya tatu, yoki tena, na safari hii akageuka akanitazama mimi. Nikatazama dirishani.

Kwenye kuruka, nguvu ilipoingia, pua ikavutwa kushoto kama zinavyofanya ndege zote za pangaboi moja za aina ile. Kila mwanafunzi wa pedali hukutana na jambo hilo siku ya kwanza. Wangu alikuwa hajawahi kukutana nalo. Akapinda yoki kulia kwa nguvu zote, mwalimu akasema "Ndege yangu," akaichukua. Angani akarudishiwa, na hapo nikavuna la pili nililopanda: macho hayakutoka kwenye mita. Alikuwa anaufukuza mshale wa kupanda na kushuka, ule unaochelewa kusema ukweli, kwa hiyo tukawa tunapanda na kushuka kama mtumbwi. Nje kulikuwa na upeo wa macho mpana kuliko skrini zote duniani. Hakuuona. Mimi nyuma nilikuwa nimeshika mfuko wa karatasi.

Tulipotua aliniuliza swali moja: "Mwalimu, ulikuwa unajua?"

Nikamjibu kwamba ndege halisi zina tofauti kidogo. Mtoto wa miaka kumi na mbili alinitazama na kuelewa kwamba namdanganya, akanyamaza kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko angenitukana.

Hakuja wiki tano. Aliporudi alikuta nimeshaweka mbao. Kipindi kizima cha kwanza tulifanya kutembea chini tu, kona baada ya kona, bila kuruka hata mara moja. Alinuna mwanzo hadi mwisho na alikuwa na haki. Sasa hivi miguu yake inafika bila mbao, lakini kila anapokaa kitini jambo la kwanza ni kufungua mipangilio na kukagua kama tiki imerudi. Haniangalii akifanya hivyo.

5. Fundisheni kughairi kutua kabla ya kufundisha kutua. Throto (nguvu ya injini) mbele, pua juu, flapu, yale mabapa ya nyuma ya mabawa, zirudi kidogo kidogo.

6. Trimu, ile ya kuupunguzia mkono uzito wa yoki, mapema, kipindi cha pili msikivuke.

7. Mtoto mmoja arushe, mwingine asome cheklisti, yaani orodha ya ukaguzi, kwa sauti. Jihadharini tu: wasomaji wa cheklisti hugeuka mahakimu. Nina mmoja aliyeikataa ndege yangu isiondoke kwa sababu nilisema "mlango umefungwa" bila kuugusa. Nilimweleza kwamba simuleta haina mlango. Akasema basi nisingesema umefungwa.

8. Kagueni jositiki kabla watoto hawajaingia. Nusu ya "huyu hana kipaji" ni jositiki inayovuta kushoto.

9. Wazazi watauliza kama saa hizi zinahesabika. Saa za kompyuta ya kawaida haziingii kwenye kitabu cha rubani. Zinazoingia ni za vifaa vilivyoidhinishwa, na kwa kiwango. Leseni ya rubani binafsi kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inaanzia miaka 17. Waambieni hivyo hivyo, bila kupamba, hata kama mtoto wao ndiye anayepigiwa makofi wiki hiyo.

Jumamosi nakuja na vipande vinne vya mbao, selotepu mbili na mito. Wewe wa 747, mito utabeba wewe. Na nikikuta ile tiki kwenye kompyuta ya mtu yeyote, atakaa kitini yeye mwenyewe, mita zikiwa zimefunikwa, na watoto watamwekea upepo wa ubavuni wanaoutaka wao.