Kwa nini sikula nanyi sinia moja

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unasema tangu wakupime VVU kliniki ya wajawazito, na majibu yakawa mazuri, kuna jambo halikutoki kichwani: kwa nini mama alikuwa anakula peke yake jikoni? Nilipokueleza hali yangu ukiwa kidato cha pili hukuliuliza hilo, nami nikashukuru.

Sikuwa sijui. Mwaka 2005, nina mimba ya mdogo wako, nesi alinieleza taratibu kwamba virusi haviambukizwi kwa sahani, kijiko wala kukumbatiana. Nikaitikia "ndiyo dada" kila alichosema. Nikarudi Tandika, nikanunua bakuli langu la bati.

Jirani yetu mmoja alikuwa ameugua kabla yangu. Ndugu zake walimtengea kikombe, na alipofariki wakakitupa jalalani, sote tukiona. Nikaona bora nijitenge mwenyewe kabla hajatokea wa kunitenga. Sikufikiria kwamba mtoto wa miaka saba atakaa kwenye mkeka akihesabu nani hayupo.

Mengine yalifuata humo humo. CTC, kliniki ya dawa za virusi, ya karibu ningefika kwa miguu, lakini nilipanda daladala mbili kwenda ya mbali, maana wateja wangu wa maandazi wangeniona foleni. Kopo la dawa lilikuwa likilia kama kayamba, nikalijaza pamba. Nanyi nikawaambia ni dawa za presha. Redio ikisema saa mbili usiku, wewe ndiye uliyekuwa unapiga kelele, "Mama, presha yako!" Siku hizo dozi ilikuwa mara mbili, asubuhi na usiku, na sidhani kama niliruka hata tano mwaka ule. Ulikuwa unanitibu kwa uongo niliokupa.

Mdogo wako nilimwachisha ziwa akiwa na miezi sita, ndivyo tulivyoshauriwa wakati ule. Bibi yako mzaa baba akasema naogopa kuharibu kifua! Nikanyamaza. Mtoto alipimwa mara ya mwisho akiwa na miezi 18, hana kitu, nikalia ndani ya daladala hadi konda akanirudishia nauli. Siku hizi mama aliye kwenye dawa ananyonyesha hata mwaka na zaidi, na tangu 2013 mjamzito akikutwa na virusi anaanzishwa dawa bila kungoja CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, zishuke. Sisi tulingoja. Baba yako kwa nini aliondoka, hilo muulize yeye.

Sasa nameza kidonge kimoja kwa siku, na wingi wa virusi ulishashuka hadi kipimo hakivioni. Wewe usiruke kipimo cha pili mimba ikikua, na mwenzako mwende naye.

Nilikukosea, mama. Ugonjwa sikuuomba, lakini lile bakuli nililinunua kwa hela yangu.

Bado ninalo, nalowekea maharage. Ukija kujifungua, arobaini utakaa kwangu. Sinia ni lile lile lililobonyea pembeni. Upande wa kichwa cha samaki ni wangu, nimeungoja miaka mingi.

Mama yako