Umeme umekatika katikati ya kusakinisha programu

Pole kaka wa Igoma. Unasema umeme ulikatika wakati kompyuta ya steshenari yako ikisakinisha LibreOffice (programu za kazi za ofisi) kwenye mfumo wa Ubuntu, na sasa kila programu unayotaka kuweka inagoma, ikidai dpkg, yaani kisakinishi cha programu cha Ubuntu, imekatizwa. Usimpe fundi hela ya kupiga Ubuntu upya. Hili linarekebishika.

Fungua teminali, andika:

sudo dpkg --configure -a

Itakuomba nywila yako; ukiiandika hutaona herufi zikitokea. Ndivyo ilivyo, bonyeza Enter tu. Amri hiyo inamalizia vifurushi vya programu vilivyokwisha kufunguliwa lakini havijasanidiwa. Kisha:

sudo apt --fix-broken install

Hii ndiyo inayoweza kula bando, maana huenda ikapakua vilivyopungua. Soma kiasi inachotaka kabla ya kukubali, na ikitaja kufuta programu unayoihitaji, jibu n.

Sasa, wapo watakaokwambia ufute faili la lock-frontend, kufuli linalozuia programu mbili kusakinisha kwa wakati mmoja, ukiona ujumbe wa kufuli. Usiwasikilize. Mara nyingi kufuli hilo limeshikwa na masasisho yanayojiendesha yenyewe, yaache yamalize. Ukilifuta huku yanaendelea, programu mbili zitaandika kwenye kumbukumbu zilezile za vifurushi, na hapo ndipo fundi atakapokula hela yako kweli.

Kwa umeme wetu huu wa Mwanza, kompyuta ya mezani inahitaji UPS, kile kifaa chenye betri kinachoiwasha umeme ukikatika, hata iliyotumika ilimradi betri bado nzima.

Likibaki kosa lingine, lete hapa ujumbe wote, si mstari wa mwisho pekee.