Hifadhidata Inaposema Imefungwa: Kwa Anayeanza Kuandika Programu za Nyuzi Nyingi
Ujumbe wa SQLite, mfumo mdogo wa hifadhidata unaokaa ndani ya programu yenyewe, usemao kwamba hifadhidata imefungwa, yaani kosa namba 5, huwachanganya wanaoanza kwa sababu hauonekani mtu anapoijaribu programu peke yake. Hujitokeza nyuzi (threads) kadhaa, yaani njia za utekelezaji zinazoenda sambamba ndani ya programu moja, zinapoanza kuandika kwa pamoja. Wengi hukimbilia kuongeza muda wa kusubiri. Katika Python muda huo ni sekunde 5 usipoubadilisha, nami niliwahi kuufikisha 60 katika programu ya kupokea malipo. Makosa yalipungua kwa siku mbili, kisha yakarudi, na safari hii wateja walikuwa wakisubiri dakika nzima kabla ya kukataliwa.

Chanzo kilikuwa ndani ya muamala (transaction) wenyewe, yaani kundi la hatua za hifadhidata zinazokubaliwa zote au kukataliwa zote kwa pamoja. Uzi mmoja ulikuwa ukiandika rekodi, kisha ukiulizia uthibitisho kwa seva ya nje kabla ya kuhitimisha (commit) muamala. Na kwa kuwa SQLite humruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, nyuzi nyingine zote zilikwama zikisubiri mtandao usiozihusu. Nisingeligundua hilo kama nisingeandika katika kumbukumbu za programu jina la kila uzi pamoja na saa muamala wake ulipoanza na ulipokwisha. Nakusihi uanze na hatua hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Lipo kosa jingine lenye sura hiyohiyo. Katika hali ya WAL (write-ahead log, mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni), iliyoletwa na toleo la 3.7.0 mwaka 2010, wasomaji hawamzuii mwandishi, lakini muamala ulioanza kwa kusoma, kisha ukataka kuandika baada ya uzi mwingine kuhitimisha mabadiliko yake, hukataliwa papo hapo hata ukiwa umeweka subira ya saa nzima, kwa kuwa data uliyoisoma imekwisha kupitwa. Ukijua kwamba utaandika, anza muamala kwa BEGIN IMMEDIATE, amri inayoomba nafasi ya kuandika tangu mwanzo, ili foleni ipangwe mwanzoni.

Python pia hukataa muunganisho wa hifadhidata (connection) uliofunguliwa na uzi mmoja kutumiwa na mwingine. Tafadhali usiuzime ulinzi huo ili tu kosa liondoke. Upe kila uzi muunganisho wake. Muamala ni mali ya muunganisho, si ya uzi, hivyo nyuzi mbili zikichangia muunganisho mmoja, ule unaohitimisha kazi yake huhitimisha pia kazi ya mwenzake iliyofika nusu, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuonyesha kwamba jambo hilo limetokea.