Maswali ya Wasomaji: Mbuga, Mipaka na "Maslahi ya Umma"

SWALI: Huku kwetu tunaambiwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013 irekebishwe ili mipaka ya mbuga za taifa ibadilishwe kwa urahisi, kwa "maslahi ya umma". Nitaipimaje hoja hiyo, na nikitaka kuliandikia Bunge niandikeje?
Msomaji, Kitengela

JIBU: Hotuba ziache kwanza. Weka mswada na sheria ya sasa pamoja, usome maneno yanayofutwa. Mswada wa kumega hifadhi hausemi hivyo waziwazi. Hufuta kijifungu tu. Mwaka 2021 ndivyo ilivyojaribiwa kwenye sheria ya misitu: zililengwa kuondolewa sehemu za kifungu cha 34 zinazotaka ombi la kubadilisha mpaka lipate kwanza mapendekezo ya Huduma ya Misitu. Watu walipiga kelele, na kwa haki.

Kwa mbuga, mlinzi ni kifungu cha 37. KWS, yaani Huduma ya Wanyamapori ya Kenya, haiwezi kupendekeza mpaka uguswe ikiwa spishi adimu zitahatarishwa au mapito ya wanyama yatavurugwa. Lazima pia ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira, umma ushauriwe, kisha Bunge liidhinishe. Basi muulize mtetezi wa mswada: ni hatua ipi kati ya hizi inayokukwaza, na ni mradi gani wa manufaa uliokwama kwa sababu yake? Asipoutaja hata mmoja, huo "umma" ni wa nani?

Usidanganywe na ekari. Mbuga ya Nairobi ina kilomita za mraba 117, na "asilimia moja tu" husikika kama si kitu. Lakini ina ua pande zote isipokuwa kusini, na huko ndiko nyumbu na pundamilia hutokea kwenda nyanda za Athi-Kapiti. Kipande kidogo upande huo kina madhara kuliko kikubwa kando ya ua. Dai ramani, si asilimia. Dai pia njia mbadala zilizopimwa, zikiwa na gharama zake. Ardhi ya mbuga huchaguliwa mara nyingi kwa kuwa haina mwenye shamba wa kulipwa fidia.

Maoni yako mwandikie Karani wa Bunge kabla ya tarehe iliyo kwenye tangazo la gazeti. Chora safu tatu: kifungu cha mswada, maneno unayopendekeza, sababu. Barua inayosema "tunapinga" bila kutaja kifungu haimpi mjumbe wa kamati chochote cha kurekebisha.

SWALI: Kuipa kaunti mbuga ni kubadilisha mpaka?

JIBU: La, ni kubadilisha hadhi, ila usidhani ni jambo dogo. Mbuga ya taifa husimamiwa na KWS. Hifadhi ya taifa, kama Maasai Mara, huwa chini ya kaunti. Mwaka 2005 Amboseli ilishushwa hadhi, kutoka mbuga ya taifa kuwa hifadhi ya taifa, kwa tangazo la serikali, na mahakama ikaja kulibatilisha kwa kuwa utaratibu wa sheria haukufuatwa.