Amelipa, ila alete na zile alizozikata

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Msanii aliyekufunza kazi ukimtengenezea filamu fupi, umeshamlipa?" Mimi si mtu wa filamu. Nauza nyavu na kamba hapa Dunda, Bagamoyo. Lakini nilipita mikononi mwa mwalimu wa ngoma ambaye mwanafunzi mwenzangu amemtolea filamu ya dakika sita, na tangu ianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp roho yangu haijatulia. Jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kusoma swali: hajalipa hata senti.

Nilikuwepo siku alipomrekodi. Alikuja na droni na vijana wa taa, akataka Mwalimu apigie uani, mwanga wa jioni ukipenya kwenye minazi. Ilikuwa masika. Kwa mvua na hewa ya bahari, ngozi zote zilikuwa zimelegea. Mwalimu akawasha moto wa makumbi ya nazi chini ya mwembe, akazilaza ngoma, nyuso zikielekea moto. Kila baada ya muda anagusa ngozi kwa kidole, anategesha sikio, anakohoa, anasema, "Bado." Chapuo, ile ngoma ndogo, aliiondoa mapema, maana ngozi yake nyembamba, moto ukizidi inapasuka. Vumi, ngoma kubwa, ikabaki; ngozi ya ng'ombe inataka subira. Anaongeza kumbi moja, anangoja, anaigeuza kidogo, anagusa tena.

Mwenzangu macho yako kwenye jua. Akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, piga tu hivyo hivyo, sauti nitaitengeneza studio."

Mzee hakugeuka. "Utaitengeneza ya nani?"

Jua likaenda zake. Wakapiga kwa taa, na ngoma zililia hadi majirani wakatoka barazani. Sasa tazama filamu: kule kupasha kote kumekuwa sekunde chache, na juu yake wamebandika kinanda. Kinanda! Kwa mtu aliyekaa alasiri nzima akitafuta mlio.

Ndiyo maana naona swali lenu limekaa upande. Mimi ningeuliza kinachoachwa nje. Chuo cha Sanaa, hii TaSUBa ya leo, kipo hapa tangu 1981, lakini hata kwa wazee wa mtaani ngoma hukufundishwa kwa kitabu. Ulikaa nao motoni. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefanya Bagamoyo kwake hadi alipofariki 2003, rekodi zake zilitolewa hadi Uingereza na kampuni ya Peter Gabriel. Ni nzuri, nami ninazo. Lakini wanawe hawakujifunza ilimba, ile ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, kwenye rekodi.

Hata hivyo kuna jambo linanivuruga. Mjane wa Mwalimu ana simu ya kitochi. Akitoka soko la samaki huingia dukani: "Mwanangu, hebu niwekee." Anakaa juu ya marobota ya nyavu, wala hatazami skrini. Anangoja pale mumewe anapokohoa kabla ya kusema "Bado". Akishasikia, anacheka, anabeba kikapu chake, anaondoka, filamu haijafika hata nusu. Nilimuuliza kuhusu kile kinanda. "Kinanda gani?" akasema.

Basi kwa mama huyu amelipa, tena sana. Naandika hivyo shingo upande. Na siyo kwamba deni limeisha: filamu hiyo ikija kuingiza pesa huko kwenye matamasha, nyumba ile ina watoto, fungu lao lijulikane mapema, kwa maandishi. Kuhusu kinanda sijabadili msimamo.

Na wewe mwenzangu, najua jarida hili unalisoma. Zile picha za moto ulizozikata usizifute. Kompyuta yangu ya dukani ni ya zamani lakini inafungua video. Lete flashi.