Fokasi huruka au husogea?

SWALI: Natafsiri makala ya fizikia kuhusu mbinu ya leza ambayo jina lake la Kiingereza, "flying focus", linaifananisha fokasi (nukta ambapo mwanga hukusanyika) na ndege aliye angani. Nimeandika "fokasi inayoruka". Mwenzangu anasema hiyo ni ya chura. Nani sahihi?

JIBU: Mwenzako ana hoja. Ndege huruka, lakini mtoto naye huruka mtaro, na msomaji mwenye haraka huruka mstari. Katika hizo mbili za mwisho kuna kitu kimeachwa katikati. Fokasi hii haiachi kitu, hupita kila nukta ya njia yake.

Angalia inavyofanya kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walioieleza mwaka 2018, hunyoosha mpigo mfupi mno wa leza hadi rangi zake zikapanga foleni, kisha huupitisha kwenye lenzi inayokusanya kila rangi kwa umbali wake: nyekundu karibu, buluu mbali. (Nataja rangi hizo kwa urahisi tu, leza yenyewe ni ya infraredi, haionekani kwa macho.) Nyekundu ikitangulia, fokasi huenda mbele. Buluu ikitangulia kwa muda wa kutosha, fokasi hurudi kuelekea kwenye lenzi, ilhali mwanga wote unaenda mbele! Yaweza hata kuipita kasi ya mwanga, na sheria ya Einstein, kwamba hakuna kitu kinachoupita mwanga kwa kasi, ikabaki salama, kwa kuwa hakuna kinachobebwa kutoka nukta moja hadi nyingine. Kila nukta hupata mwanga wake.

Kwa sababu hiyo "kusafiri" nako sikupendi: msafiri anayefika ni yuleyule aliyeondoka. "Kuhama" ni kuondoka ukakae kwingine, na fokasi haikai.

Mimi nachagua "kusogea". Konda wa daladala husema "sogea mbele" na "sogea nyuma" kwa kitenzi hichohicho, na fokasi hii huenda pande zote mbili. Utasema kusogea ni kwa umbali mdogo. Naam, hapa tunazungumzia milimita chache. Kasi iachie tarakimu.

Ukitaka istilahi fupi, legea hutupa legevu na potea hutupa potevu, basi "fokasi sogevu" imejengwa kihalali. Ndani ya sentensi, hata hivyo, kitenzi ni chepesi zaidi: "Fokasi ilisogea nyuma huku mpigo ukienda mbele."